Charulata na Kasha la Bibi

Mwaka 1964 hutajwa katika nyumba zetu kwa sababu moja, na kila mmoja wetu anaijua. Mwaka huo huo, kule Calcutta, Satyajit Ray alitoa filamu iitwayo Charulata, iliyotokana na hadithi ya Rabindranath Tagore ya mwaka 1901. Haituhusu kwa nasaba wala kwa lugha. Watu wake ni Wabengali wa karne ya 19. Hata hivyo, sijaona filamu iliyonieleza nyumba za bibi zetu kuliko hiyo.

Charu ni mke wa tajiri anayechapisha gazeti. Hapigwi, hatukanwi, hakosi chakula wala watumishi. Mwanzoni, kwa dakika kadhaa ambazo karibu hazina maneno, anatarizi herufi ya jina la mumewe kwenye leso ya mkono, anachagua kitabu, kisha anakwenda dirisha hadi dirisha na darubini ndogo, akiwachungulia wapita njia. Mumewe anapita karibu naye, macho kitabuni, asimwone. Charu anamwelekezea yeye pia ile darubini. Hapo tunafahamu kwamba mume yu mbali naye sawa na wale wa barabarani.

Niliitazama hapa Muscat pamoja na mama mkubwa, ambaye umri wake umepita miaka 80. Alinyamaza hadi pale Charu anapoandika makala juu ya kijiji alikozaliwa, nayo yakachapishwa. Hapo akasema, "Mama yetu naye alikuwa na maneno, mwanangu. Usiku, akimshonea baba kofia, alitunga beti na kuziimba chini kwa chini. Kukicha, hakuna aliyemuuliza." Nikamwomba ubeti mmoja. Alikumbuka lahani; maneno yalikuwa yamemtoka.

Kasha letu lina hati za mashamba, nasaba ya mababu na barua za biashara, zote za wanaume. Cha bibi ni kofia moja ya viua. Sisemi kwamba wanawake wa zama zile hawakuandika. Sayyida Salme binti Said alijifundisha kuandika kwa siri, juu ya mfupa wa bega la ngamia, na kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Lakini wakati huo alikuwa mjane ughaibuni, mbali na kwao. Wengi walibaki ndani, na waliyoyawaza yakabaki nao.

Tunapokusanya habari za ukoo, tunawauliza wazee majina, mitaa na majahazi. Bibi huulizwa alizaa wangapi. Charulata imenipa swali jingine, nami nawaachia ninyi ambao mama zenu, shangazi zenu na bibi zenu wangali hai: ulipokuwa peke yako dirishani, ulikuwa ukiwaza nini?

Mama mkubwa nilimuuliza usiku ule ule. Alifikiri kitambo, akacheka, kisha akaniambia kwanza nikafunge mlango.