Chupa ya Maji na Kifua Kilichoumia

Sisi tukaao Likasi twayajua madhara ya pigo la kifua. Mji wetu ni mji wa madini: udongo huwaporomokea wachimbaji, na katika barabara ya Lubumbashi na Kolwezi malori mazito hupita usiku na mchana. Ajali ikitokea, twakimbilia hospitali, na ombi letu la kwanza huwa hili: «Mama muuguzi, mtundikie chupa nyingine ya serumu.» Twadhani kwamba chupa ikining’inia, ndugu yetu anatunzwa, ikiondolewa, ametupwa.

Ombi hilo latoka katika upendo, lakini yafaa tulipime. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno vya hewa, vilivyozungukwa na mishipa myembamba ya damu. Kifua kikipigwa kwa nguvu, hata ngozi isipopasuka, mishipa hiyo huumia na kuvuja, na mahali pa hewa huingia damu na maji. Ndiyo sababu majeruhi aweza kuzungumza nasi vema siku ya kwanza, kisha siku ya pili akaanza kutweta. Tukizidi kuijaza maji mishipa inayovuja, maji hayo nayo hushukia mapafuni.

Je, asipewe maji kabisa? La, hasha! Aliyepoteza damu nyingi hana budi kuongezewa, hasa damu yenyewe. Akiikosa, moyo hauna cha kusukuma, na figo huharibika. Machache mno huua, na mengi mno huua pia. Kila mama apikaye bukari ajua kwamba maji yakizidi unga, chakula hakiwi. Kwa hiyo daktari hupima shinikizo la damu, pumzi na mkojo, ndipo aamue.

Mwaka 2006 yalitangazwa huko Marekani matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,000 waliodhurika mapafu kwa sababu mbalimbali. Idadi ya waliokufa haikutofautiana sana; lakini wale waliopimiwa maji kwa uangalifu, hatari ya kwanza ikiisha kupita, waliachana na mashine ya kupumulia mapema zaidi. Na mwaka 2011, kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, ikaja habari ya watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Katika waliotiwa maji mengi kwa haraka walikufa kama 10 katika kila mia. Katika wasiotiwa hivyo, kama 7. Hao hawakuwa majeruhi wa kifua, lakini watufundisha kwamba maji ya mshipani ni dawa, na dawa ina kipimo.

Basi yatupasa nini? Tumfikishe majeruhi hospitalini upesi, hata akisema hana neno. Tutoe damu yetu inapohitajiwa. Tusimnyweshe kwa siri. Pumzi zake zikienda mbio, tumwite muuguzi mara moja. Na chupa ikiondolewa, tuulize sababu kwa heshima, tusikilize jibu. Huenda mkono uliofunga mrija ndio unaomwokoa ndugu yetu.