Gunia Langu la Kwanza Lilikauka

Mume wangu alipopunguzwa kazini, kitu cha kwanza kutoweka kwenye sinia yetu kilikuwa mboga za majani. Wali ulibaki na mchuzi wa dagaa haukukosekana, lakini mchicha na sukuma wiki tulizila siku za neema tu. Mavyaa, ambaye ana maradhi ya sukari na ameusiwa na tabibu ale mboga kila siku, hakulalamika hata mara moja. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniumiza.

Jirani yangu alinijulisha kuhusu darsa la kilimo cha nyumbani, linalofanyika uani mwa madrasa ya mtaa wetu kila Alhamisi baada ya Alasiri, siku ambayo watoto hawana chuo. Ada haikuwapo. Walimu ni kina dada wa kujitolea, waliofunzwa kwa miezi kadhaa kwa sharti moja: walichokipata wakifikishe kwa wengine. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilijisemea moyoni kwamba cha bure hakina uzito.

Somo la kwanza lilikuwa kupanda katika gunia. Kopo lisilo na kitako husimamishwa katikati na kujazwa kokoto. Pembeni yake hutiwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kisha kopo huvutwa juu kidogo kidogo, hata kokoto zikawa nguzo ya kupitishia maji mpaka chini. Ubavuni mwa gunia hutobolewa matundu ya kutia miche. Nikajiona nimekwisha kujua, nikaliacha somo la pili.

Haukupita muda, majani yakaanza kuungua kingoni, kisha miche yote ikasinyaa. Mavyaa, aliyekuwa akiitazama kila asubuhi, aliniambia, "Mwanangu, pengine haikuwa riziki yetu."

Mwalimu, binti mdogo kwangu kwa umri, alikuja nyumbani bila kuitwa. Aliniuliza namwagilia maji gani. Nikamjibu, ya kisima. Akachovya kidole, akaonja. Visima vingi vya kisiwa chetu cha Mombasa vina chumvi, na chumvi hujikusanya udongoni hata mizizi ikashindwa kunywa. Hilo ndilo lililokuwa somo la pili. Nilipomwomba radhi, alicheka, akasema gunia lake la kwanza nalo lilikauka.

Alinielekeza niyakinge maji matamu tunayonunua kwa mitungi ili yatumike mara ya pili: yale ya kuoshea mchele, na yale ya mavyaa, ambaye hutawadha kwa birika akiwa ameketi kigodani. Nikaweka beseni chini ya miguu yake. Wiki ya nne tulichuma mchicha, na mavyaa akala mboga iliyokuzwa na udhu wake mwenyewe.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba Muislamu apandapo mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Nataraji yule binti ana fungu lake katika kila tonge letu. Kwangu darsa lilikuwa bure; yeye alilipia kwa jioni zake.

Alhamisi iliyopita mama mmoja aliyehamia mtaani aliniomba nimfundishe. Sikuanza na gunia lililostawi. Nilimwonesha lile lililokauka, kisha nikamletea kata ya maji ya kisima, nikamwambia, "Onja kwanza, dada yangu."