Baba kaniuliza: sanaa ndiyo nini?

Nimerudi Mlimani jana usiku, vumbi la Mloka bado liko kwenye begi. Nyumbani kilinikuta. Baba kanigeukia mbele ya wajomba: "Mwanangu, tumeuza ufuta ukasomee ngoma?" Nikanywea, jamani!

Jibu limekuja leo, nimeshachelewa. Ningemtajia Profesa Amandina Lihamba: mwigizaji, mwongozaji, aliyefundisha sanaa za maonyesho hapa hapa Mlimani, na aliyepata udaktari wake Leeds mwaka 1985. Jukwaa la shule tulirithi kwa Mwingereza. Yeye na wenzake kina Penina Muhando wakaingiza ngoma na hadithi zetu. Halafu wakatoka nje ya ukumbi. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa Tuseme: wasichana wa sekondari wanaigiza wenyewe yale yanayowakwamisha shuleni, wakubwa wanatazama.

Sasa sikilizeni. Kikao kile cha nyumbani kilikuwa cha kuamua kama mdogo wangu wa kike, kidato cha pili, aendelee na shule. Alikaa mkekani mwanzo mwisho, hakuulizwa hata neno. Na mie msomi wa sanaa nikanyamaza!

Likizo ijayo simweleza Baba chochote. Nitamwomba binti aigize kikao kile. Baba atazame.