Mabango Yangu ya Makauboi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba mara mbili niandike juu ya makaratasi ninayoyaweka katika kabati la chuma nyumbani kwangu. Mara ya kwanza nilimjibu kwamba jambo hilo halihusiani na masomo. Lakini wanafunzi wamekwisha kunipa jina, nami huwasikia wakiniita "Mwalimu Kauboi" wanapodhani kuwa nimefika mbali. Basi afadhali nieleze mwenyewe, ili wazazi nao wajue kilichomo kabatini.

Kilichomo ni mabango 41 ya sinema. Yote ni ya picha za makauboi, ila moja tu ambalo nitalifikia baadaye. Yametoka Marekani, Uingereza, Italia, Ubelgiji, Japani na Polandi, na mengi yana umri mkubwa kuliko walimu wa shule hii.

Aliyenitia katika jambo hili ni mjomba wangu, marehemu sasa. Alitoka kwetu Nyamisati angali kijana, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akaipata katika jumba moja la sinema. Katika miaka ya 1960 mji ule ulikuwa na majumba mengi ya namna hiyo: Avalon, Empire, Empress, Odeon, New Chox na mengineyo. Kazi yake haikuwa kuonyesha picha, bali kubandika mabango. Alikuwa na ngazi, ndoo na brashi, na kila picha mpya ilipofika yeye ndiye aliyeitangaza kwa watu wapitao njiani. Bango likibaki bila kubandikwa, halikuwa na mwenyewe tena, naye hulikunja akalitia katika mkoba wake. Sikukuu ya Idi ikifika huja nayo nyumbani pamoja na sukari na kanga za mama yake.

Kwetu delta hapakuwa na umeme wala sinema, na hakuna aliyejua John Wayne ni nani. Lakini bibi aliona karatasi nene, nzuri, naye alikuwa na nyumba ya udongo yenye nyufa. Akapika uji wa unga wa muhogo, akabandika makauboi ukutani kuzuia upepo wa kusi. Ndivyo nilivyolala utotoni, nikitazamwa na mtu mwenye kofia pana na bastola kiunoni. Mjomba alitwambia kwamba huyo ni mchunga ng'ombe. Sisi watoto tukauliza, ng'ombe wake wako wapi? Mjomba akacheka, hakujibu.

Swali lile nimelijibu mwenyewe kwa kuhesabu. Katika mabango yangu 41, ng'ombe wamo katika manne tu. Bunduki au bastola zimo katika 38.

Wachunga ng'ombe wa kweli walikuwako. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, makundi makubwa ya ng'ombe yaliswagwa kutoka Texas mpaka kwenye stesheni za reli za Kansas, na kazi hiyo iliendelea yapata miaka ishirini. Ilikuwa kazi ya vumbi na ujira mdogo, na wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa watu weusi na watu wa Mexico. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba mtu mmoja katika kila wanne alikuwa mweusi. Tazameni mabango yangu yote: hamtamwona. Bango halikuchapwa ili lieleze yaliyotokea, lilichapwa ili mtu atoe shilingi mfukoni.

Mabango ya ukutani kwa bibi yaliliwa na mchwa pamoja na ukuta wenyewe. Saba yaliyosalia katika sanduku la mjomba ndiyo niliyoachiwa, na mengine nimeyapata polepole tangu nilipoanza kazi ya ualimu. Mshahara wa mwalimu hauwezi kununua vitu hivi huko vinakouzwa kwa mnada, kwa hiyo nilianza kubadilishana kwa posta. Nilikuwa na stempu za Tanganyika za mwaka 1961, na wako watu Ulaya wanaozitafuta stempu hizo kama mimi ninavyotafuta makaratasi yao. Siku hizi bei huonekana katika intaneti na kila mtu anajiona mjuzi, hata mabadilishano yamekuwa magumu.

Wanafunzi huniuliza nitajuaje kama bango ni la zamani kweli au limechapwa juzi. Jambo la kwanza ni rula. Bango la kawaida la Marekani la wakati ule lina upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41, na nakala nyingi za baadaye hupungua hiyo inchi moja. La pili ni mikunjo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabango ya Marekani yalipelekwa kwenye majumba ya sinema yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo bango la 1960 lisilo na mkunjo hata mmoja hunitia shaka. Wako wajanja waliopiga picha bango la zamani, wakalichapa upya pamoja na mikunjo yake. Lakini funga macho, upapase kwa kidole: mkunjo uliochapwa hausikiki. Halafu tazama chini, pembe ya kulia. Kampuni ya National Screen Service, ambayo tangu 1940 ilisambaza mabango ya sinema nyingi za Marekani, iliandika hapo namba ambayo tarakimu zake mbili za kwanza ni mwaka. Kando yake yapo maneno madogo yasemayo kwamba bango ni mali ya kampuni na lazima lirudishwe mara picha ikimaliza kuonyeshwa. Mjomba hakusoma Kiingereza.

Nikiyatandaza yote sakafuni, kinachonipendeza zaidi si makauboi, bali nchi zilizowachora. Waitalia walipenda rangi na ukubwa. Bango lao la karatasi nne lina sentimita 140 kwa 200, kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Hilo sina, wala sina pa kuliweka. Ninalo lile jembamba la kubandika madirishani mwa maduka, la picha ya Django ya mwaka 1966, ambamo Franco Nero anakokota jeneza. Picha hizo za Waitalia nyingi zilipigwa Hispania, katika nchi kavu ya Almería, na mwanzoni wenyewe waliona haya kutaja majina yao. Sergio Leone alipotoa Per un pugno di dollari mwaka 1964, alijiita Bob Robertson, ili watu wadhani ni Mmarekani. Na hadithi yenyewe ilitokana na sinema ya Kijapani, Yojimbo ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1961. Basi huyo kauboi ni Mmarekani kwa kofia, Mwitalia kwa mfuko, Mhispania kwa vumbi na Mjapani kwa hadithi.

Mabango ya Ubelgiji ni madogo, yapata sentimita 36 kwa 55, na hupendwa na wenye mifuko kama yangu. Maneno yake ni ya lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, na aghalabu yamegongwa stempu ya kodi. Ubelgiji ndiyo iliyotawala Kongo, na huko Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, vijana wa miaka ya 1950 walizipenda mno sinema hizi hata wakajiita "Bills", kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa kama makauboi, wakagawana mitaa, wakajitungia na lugha yao iliyoitwa Hindubill. Serikali ya wakati ule iliwaona wahuni. Nadhani walikuwa wanafanya alivyofanya bibi yangu: karatasi ya mtu mwingine wakazibia ufa wao.

Sasa nifike mahali pagumu. Zamani mabango manne nilikuwa nimeyatundika sebuleni, pamoja na lile la Django. Watu wa Kibiti hawahitaji kukumbushwa ilivyokuwa miaka ya 2016 na 2017. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa kwa risasi, mmoja baada ya mwingine, na watu waliokuja kuitwa "wasiojulikana". Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa pamoja katika wilaya yetu. Jua likikaribia kuzama kila mtu alikuwa amekwisha kufunga mlango. Jioni moja ya siku zile tulikuwa tumekaa kimya sebuleni, na binti yangu, aliyekuwa darasa la tatu, akanyosha kidole ukutani akaniuliza, "Baba, huyu naye ni mtu asiyejulikana?"

Nikamjibu kwamba anajulikana sana, jina lake ni Franco Nero, ni mwigizaji, na kule kwao watu humwamkia sokoni. Akauliza ndani ya jeneza mna nani. Nikamwambia hamna mtu. Ni kweli hamna mtu. Waliotazama picha ile wanajua kilichomo ni bunduki ya rashasha, lakini hilo sikumwambia. Usiku ule ule niliyateremsha yote manne, nikayafungia kabatini. Mama yake hakusema neno, alinishikia kiti tu.

Ukuta ulikaa mtupu zaidi ya mwaka. Nilifikiri hata kuyauza, na nilikwisha kuandika barua kwa mnunuzi. Kilichonizuia ni bango jingine, nalo halikutengenezwa kutangaza sinema. Mwaka 1952 Marekani ilitoa picha iitwayo High Noon, ambamo Gary Cooper ni mlinzi wa amani wa mji mdogo anayewangoja wauaji peke yake, maana wenzake wote wamejificha. Miaka 37 baadaye, Polandi ilipokaribia uchaguzi wa tarehe 4 Juni 1989, kijana mmoja mwanafunzi wa sanaa, Tomasz Sarnecki, alimchukua Cooper yule yule akamweka katika bango la chama cha Solidarność. Amekuja akitembea na kofia yake, na beji ya chama kifuani juu ya nyota yake. Lakini bastola haipo. Mkononi ana karatasi ya kura. Uchaguzi ule ulipokwisha, Solidarność ilikuwa imepata viti 99 kati ya 100 vya Seneti.

Yangu ni nakala ya kuchapwa upya, maana la asili ni ghali. Nililetewa na mwanafunzi wangu wa zamani aliyekwenda kusoma huko. Binti alilitazama sana, akauliza karatasi ile ni ya nini, nikamweleza. Akasema hilo litundikwe. Lipo ukutani hata leo, peke yake, na ile barua ya mnunuzi sikuipeleka posta.

Limebaki lile moja lisilo la kauboi. Mwaka 1976 ilitoka sinema iitwayo Shout at the Devil, kutokana na kitabu cha Wilbur Smith, na mambo yake yametungwa kutokana na manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta yetu mwaka 1914 baada ya kuizamisha manowari ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar, nayo ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mkuu wa waigizaji ni Lee Marvin, ambaye katika sinema za makauboi alikuwa jambazi Liberty Valance mwaka 1962. Kwa sababu yake nimeliweka bango hilo pamoja na mengine. Picha ya delta yetu ilipigwa Malta na Afrika Kusini. Manowari imepewa jina jingine, na mtumishi bubu aitwaye Mohammed ameigizwa na Mwingereza, Ian Holm. Wajerumani waliliita bango lao Brüll den Teufel an, Wafaransa Parole d'homme, Waitalia Ci rivedremo all'inferno. Kila taifa limeipa delta yetu jina lake.

Nilikwenda nalo Nyamisati nikawaonyesha wazee. Walilipokea kwa mikono miwili, wakalipitisha kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, wakauliza majina yaliyoandikwa pale ni ya nani. Mmoja wao alisema babu yake alikuwa miongoni mwa waliokokota mizinga ya manowari ile baada ya kutolewa majini. Hayo ni ya kweli katika historia: mizinga yote kumi iliokolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam na kukokotwa nchini kwa nguvu za mamia ya watu, ipate kutumika vitani. Mzee akatafuta katika bango mahali pa watu hao, akalirudisha, akasema rangi zake ni nzuri.

Na sasa ombi langu kwa wazazi. Mjomba alinisimulia kwamba majumba ya Dar es Salaam yalichapisha pia vikaratasi vyao wenyewe, vyenye jina la picha, siku, saa na bei ya viti, vikagawiwa barabarani. Hivyo havikutoka Marekani wala Italia, vilitoka mitambo ya mjini kwetu. Mabango ya nchi sita ninayo, lakini vikaratasi hivyo sina hata kimoja. Watu wa zamani walikuwa na desturi ya kutandika karatasi chini ya masanduku na kuzitia nyuma ya picha za ukutani. Mwenye sanduku la baba au babu aliyepata kufanya kazi mjini, tafadhali alitazame chini kabisa. Nikiletewa nitanakili na kurudisha siku ile ile. Mnaweza kumpa mtoto alete shuleni ndani ya daftari kubwa, ila isinyoshwe kwa pasi, na kama ilikunjwa, iachwe katika mikunjo yake ile ile.