Nani Alisema Hilo ni Tatizo Dogo?

Leo sina vichekesho. Nataka tuongee kitu ambacho sijasikia mtu akikigusa huku Meru: mtoto akifanyiwa upasuaji halafu mambo yaende kombo, nani huamua kama hilo kombo lilikuwa kubwa au dogo?

Kuna kipimo, na kinatumika dunia nzima. Kinaitwa Clavien-Dindo. Madaktari wa Zurich, Uswisi, walikichapisha 2004 baada ya kukijaribu kwa wagonjwa 6,336. Gredi ya kwanza ni shida ndogo iliyoisha bila matibabu makubwa. Ya pili umehitaji dawa kama antibayotiki, ama kuongezwa damu. Ya tatu imebidi ufanyiwe kitu tena, na hapo wanagawanya: bila kulazwa usingizi ni 3a, ukilazwa usingizi ni 3b. Ya nne maisha yako hatarini na unahitaji ICU. Ya tano ni kifo.

Mmeona walivyofanya? Hawapimi uchungu. Wanapima kile daktari alilazimika kufanya ili kurekebisha. Mimi nilisomea takwimu miaka miwili kabla karo haijanitoa chuo, kwa hivyo naelewa. Uchungu kila mtu anausimulia kivyake, lakini dawa na thieta viko kwa faili. Ni akili nzuri kabisa, mahali ambapo kila kitu kinachohitajika kipo.

Sasa njooni huku kwetu. Mtoto wa dadangu alikuwa na miaka miwili, ana henia ya kinena. Hospitali sitaitaja. Mara mbili alinyimwa chakula tangu usiku wa manane, akalia njaa mpaka saa nane mchana, halafu tukaambiwa thieta imechukuliwa na dharura, rudini wiki ijayo. Kila safari ni nauli, na ni siku nzima dadangu hauzi mboga pale Gakoromone. Mara ya tatu akafanyiwa, ikaenda poa. Siku ya tano mshono ukavimba, ukaanza kutoa usaha. Ilibidi kidonda kifunguliwe na kisafishwe. Daktari wa usingizi hakuwepo siku hiyo. Tulimshika watu watatu, mimi nikiwa upande wa miguu. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Weka hiyo kwa kipimo. Kidonda kilichoingia uchafu, kikifunguliwa pale kitandani, ni gredi ya kwanza. Imeandikwa hivyo. Ongeza antibayotiki aliyopewa, inakuwa ya pili. Lakini kama daktari wa usingizi angekuwepo, mtoto alale, asisikie kitu, ingekuwa 3b. Yaani mtoto aliyehurumiwa anahesabiwa kuwa na shida kubwa kuliko yule aliyeshikwa kwa nguvu! Na mtoto anayehitaji kitanda cha ICU mahali ambapo hakuna hata kimoja hawezi kuonekana kama aliyetibiwa ICU. Akifa, anaruka moja kwa moja hadi ya tano.

Na zile siku mbili za njaa? Hazina gredi. Hakuna aliyekatwa, kwa hivyo ni kama hakuna kilichotokea.

Si mimi peke yangu niliyeona hili. Mwaka 2023 madaktari wa upasuaji wa watoto, wakiongozwa na Omid Madadi-Sanjani wa Ujerumani, walitoa kipimo cha watoto, Clavien-Madadi. Waliacha kugawanya gredi kwa kuuliza kama mgonjwa alilazwa usingizi, maana mtoto hulazwa hata kwa vitu ambavyo mtu mzima angevumilia. Pia hawakuhesabu matatizo ya kisu tu. Walihesabu matukio yasiyotarajiwa, pamoja na makosa ya mpangilio. Hilo neno mpangilio nalipenda. Mnakumbuka Kenyatta, 2018, mtu alipopasuliwa kichwa ilhali aliyehitaji ni mgonjwa mwingine? Mkono wa daktari haukuteleza pale. Ni utambulisho wa wagonjwa uliochanganywa.

Na hii si stori ya familia moja. Utafiti uliochapishwa 2024, ukifuata watoto zaidi ya 8,500 katika hospitali 249 za nchi 31 za Afrika, ulikuta karibu 18 kati ya kila 100 walipata matatizo baada ya upasuaji. Zaidi ya wawili kati ya kila 100 walikufa. Maambukizi ndiyo yaliyoongoza, yaani usaha kama ule wa kwetu. Hao ni wale walioandikwa.

Najua mtu ataniambia manesi wamechoka, wacha kuwaongezea makaratasi. Wamechoka kweli, nimewaona. Lakini mstari mmoja kwa faili, "ameahirishwa, thieta imejaa," ama "amesafishwa kidonda bila usingizi, hakuna daktari," ndio ungempa huyo nesi ushahidi wa kuitisha daktari wa pili wa usingizi kaunti ikipanga bajeti. Bila huo mstari, kwa nini waajiri mwingine? Kwa karatasi hakuna aliyemkosa.

Dadangu bado ameweka karatasi ya mtoto ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, imekunjwa ndani ya kijitabu cha kliniki. Inasema upasuaji wa henia, hakuna matatizo. Iliandikwa siku ya kwanza. Ya siku ya tano hatukupewa.