Nani Kapiga Rithimu?

Mjomba wangu hakuwahi kushika gitaa, ila kusikiliza alijua. Kwetu Isikizya jioni, betri zikishashinda juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo, aliwasha redio, na Radio Tanzania ikipiga wimbo wa zamani alitunyamazisha wote. Mtangazaji alitaja wimbo na bendi, basi. Mjomba akauliza: "Haya, nani huyo kwenye solo?" Huku vidole vyake vinatembea juu ya mpini wa jembe, vinapanda solo linapopanda.

Ujana wake aliula kwenye madansi ya Tabora mjini. Mji ule ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukawa na Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz iliyotupa "Dada Asha" ya Shem Karenga. Wenzake wakicheza, yeye alikaa karibu na jukwaa kutazama mikono. Western Jazz ilikuwa ya Dar es Salaam, lakini aliihesabu yetu, maana mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alikuwa mtu wa Nzega. Ni kwa bendi hiyo alitufundisha kazi ya kutambua mkono. Jina ni lilelile, mtindo ni uleule wa Saboso, lakini solo la Rashid Hanzuruni si la Wema Abdallah aliyekuja baadaye. Ukishautambua mkono, unajua na wimbo ni wa miaka ipi.

Santuri hazikusaidia. Karatasi ya katikati ilikuwa na jina la wimbo, la bendi na la mtunzi, wapigaji hawamo. Na bendi nyingi zilirekodi redioni kwa kupiga wote kwa pamoja, kwa hiyo magitaa yamelala juu ya mengine.

Zikaja kaseti, tukaweza kurudisha kipande kimoja hata utepe ukachakaa. Leo nina simu na spika za masikioni, naupunguza wimbo mwendo nusu, na chini ya solo nasikia gitaa la pili linalojibu, na chini yake tena rithimu, isiyochoka. Hapo ndipo mapenzi yangu yalipohamia. Sikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Wengi humtaja John Ngereza, na anastahili kwa gitaa lake, lakini wimbo ule umebebwa na rithimu ya Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, pamoja na besi ya Tom Malanga. Ondoa rithimu ile, hakuna kinachobaki cha kuchezea. Shabani tunamjua kwa sababu alikuwa pia mtunzi. Wapiga rithimu wa bendi zetu za Tabora ambao hawakutunga wala kuimba, nani anawataja?

Simu imenipa masikio ambayo mjomba hakuwa nayo. Inanionyesha kwamba kuna mikono mitatu, lakini majina ya wenye mikono hainipi. Hayo yamo vichwani mwa waliosimama karibu na jukwaa, na wanapungua. Mjomba naye ameshatangulia, na mengi aliyotuambia hatukuyaandika.

Kwa hiyo kama kwenu yuko mzee aliyepiga katika bendi hizo au kucheza kwenye madansi yao, kaa naye wiki hii. Mpigie wimbo mmoja mmoja, mwulize solo nani, rithimu nani, besi nani, uandike na mwaka. Anza na wa rithimu.