Mbao Chini ya Magurudumu

Jumatatu, 3 Oktoba 2022
Lori la mjomba limeingia kiwanjani kwetu hapa Kabondo, Kisangani. Ni Mercedes 911 kuukuu lililojengewa chumba mgongoni, lenye kitanda, jiko la gesi, sinki na friji. Amestaafu uuguzi na hataki kukaa barazani. Mvua zikipungua anataka kushika barabara ya Ituri, apite kijiji kwa kijiji hadi Bafwasende, karibu kilomita 260, akipima macho na kugawa miwani ya kusomea. Usiku atalala humo humo garini.

Jioni akaniita. Friji haipoi. Moto wa gesi unawaka vizuri, bomba la nyuma ni la moto sana, lakini ndani mna joto kama nje. Alikuwa tayari kumwita fundi wa gesi. Nikamwambia, "Mjomba, ngoja kwanza nipime ardhi."

Kiwanja chetu kinateremka upande wa barabara. Nikaweka pima-maji juu ya sakafu ya friji yenyewe, kwa kuwa meza na dashibodi huweza kuwa na mwelekeo wao. Povu likakimbilia ukingoni. Kwa kamba na futi, magurudumu ya kulia yako chini ya yale ya kushoto kwa sentimita 16, na kati ya gurudumu na gurudumu ni mita 1.8. Hizo ni nyuzi tano. Friji za aina hii, hasa za zamani, huvumilia kama nyuzi tatu tu.

Jumanne, 4 Oktoba
Nimemweleza mjomba sababu, na naiandika hapa ili atakapokuwa mbali aikumbuke. Friji hii haina mashine ya kusukuma. Waliobuni mfumo wake ni wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Ndani ya mabomba mna maji, amonia na hidrojeni. Moto huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa na kuwa kimiminika, kisha hukutana na hidrojeni na kugeuka mvuke tena. Hapo ndipo inaponyonya joto la chakula. Baadaye kila kitu hurudi chini kwa uzito wake, kwenye vibomba vyembamba vyenye mteremko uliopimwa kiwandani. Gari likilala upande, kimiminika hutuama njiani, moto unaendelea kuchoma bomba lisilo na kitu cha kuchemka, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani huganda na kuziba. Ikiziba, ndiyo basi.

Wauguzi wa rika lake waliishi na friji za mafuta ya taa vituoni, na zile zina mabomba yale yale. Akacheka: "Ndiyo maana daktari wetu alikuwa anaweka vijiwe chini ya mguu wa friji!"

Tumeizima ipoe kabisa. Haiwashwi tena mpaka gari lisimame sawa.

Jumamosi, 8 Oktoba
Siku ya kuchagua njia ya kulisawazisha lori. Mjomba anapenda kriki, yaani jeki. Shemeji yake aliye Ubelgiji amemtumia picha za magari-nyumba ya huko yenye miguu minne ya mafuta: unabonyeza kitufe, gari linajisawazisha lenyewe. Kitu kizuri, ila hugharimu maelfu ya euro, na mpira wake mmoja ukivuja njiani hakuna wa kuubadilisha. Kuna pia ngazi za plastiki ya manjano, nyepesi, zinazouzwa mbili mbili. Hizo ni za magari madogo yanayoegeshwa juu ya nyasi ngumu na zege, si za lori lenye tairi pacha nyuma.

Imebaki kriki ya chupa tuliyo nayo, ya tani 10, na mbao.

Sina ugomvi na kriki. Mvumbuzi Bramah alisajili mashine yake ya kugandamiza kwa maji mwaka 1795, na kanuni ni ile ile hadi leo: pampu nyembamba, pistoni nene, mkono mmoja unainua tani. Bila kriki hubadilishi tairi wala huliokoi gurudumu lililozama. Ninachokataa ni kuiacha chini ya gari usiku kucha huku watu wamelala juu.

Nilimfanyia mjomba hesabu mchangani. Lori likiwa na mzigo wake lina kama tani sita. Ekseli ya nyuma inabeba nne, kwa hiyo kila upande mbili. Kitako cha kriki ni sentimita 13 kwa 13, yaani 169 za mraba. Kilo 2,000 juu ya hapo ni karibu kilo 12 kwa kila sentimita ya mraba. Udongo wetu mwekundu ukikauka unakuchekea. Ukinyeshewa unafunguka. Ubao wa sentimita 110 kwa 60 una sentimita za mraba 6,600, na uzito ule ule unashuka hadi kilo 0.3. Hata mzigo usiposambaa sawasawa kila pembe, tofauti bado ni kubwa mno.

Tena mafuta ya kriki yanavuja polepole. Mpira ukichoka, pistoni inashuka usiku bila kelele. Na breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu: ukiliinua moja hewani, nusu ya mshiko imekwenda, na gia haikusaidii kwa sababu difu inaliacha lile lililo hewani lizunguke. Gari linateleza kwenye kriki. Kila gereji ya mji huu ina habari ya kijana aliyeingia chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake. Hili sitalinyamazia kwa heshima ya mtu yeyote, hata mjomba.

Alinisikiliza, halafu akauliza na ile kriki ndefu ya meno, ya wazungu wa safari, je? Inainua juu sana, kweli. Lakini inayumba, na mkono wake ukikuponyoka unaweza kuvunja taya. Kwa mzee wa miaka sabini anayesafiri na kijana mmoja, hapana.

Alhamisi, 13 Oktoba
Kwa seremala. Mbao zinaletwa na wapasuaji wa msumeno wa mnyororo, wanaofanya kazi msituni na kuuza mjini. Afrormosia ilikuwepo, nzuri kupita kiasi, lakini mti huo uko chini ya ulinzi wa biashara ya kimataifa tangu 1992 na unazidi kuadimika. Sioni haki ya kuuweka chini ya tairi. Tumechukua kambala, mvule wa wenzetu wa Tanzania: haulwi upesi na mchwa, haupasuki ovyo, na uzito wake ni wa wastani.

Vipimo: unene sentimita 5 kila ubao. Wa chini urefu 110, wa kati 80, wa juu 50, ili gurudumu lipande daraja kwa daraja. Kwa nyuma upana ni 60, mbao mbili za 30 zimeunganishwa na bolti, kwa sababu tairi pacha lazima zote mbili zikanyage. Ikikanyaga moja, hiyo moja inabeba tani mbili peke yake na inaweza kupasuka. Kwa mbele upana wa 30 unatosha. Seremala alitaka kuzipiga randa zing'ae. Nikamzuia, ubao laini wenye tope ni utelezi. Ameziacha na meno ya msumeno, akapigilia vipande vya tairi kuukuu juu.

Seti ya nyuma ina karibu kilo 47, ya mbele nusu yake. Jumla kilo 70 za kusawazisha upande mmoja. Ni nyingi. Mjomba atalipa kwa dizeli, lakini mbao hizo hizo ndizo atakazolaza kwenye tope lori likikwama, na barabara ile ni lazima ikukwamishe. Ilifunguliwa tena baada ya miaka ya vita, ila malori mazito na mvua havijaiacha salama.

Jumapili, 23 Oktoba
Baada ya misa tumejaribu. Kijana wa jirani, mwendesha toleka (teksi ya baiskeli), alisimama pembeni kuongoza kwa mkono. Nyuma ya gari sikumruhusu mtu. Mjomba alipanda mbao kwa gia ya kwanza, taratibu, akafunga breki, nikasukuma kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya kushoto yaliyobaki ardhini. Pima-maji: povu katikati, limepungua unywele. Sentimita 15 kati ya 16.

Tunaanza na upande kwa upande, ndipo mbele na nyuma. Na tunainua magurudumu yote mawili ya upande ulio chini. Ukiinua pembe moja tu, fremu inajipinda na mlango wa chumba unagoma kufunga.

Naongeza Jumatatu: usiku mvua kubwa ilinyesha. Alfajiri nimepima tena: mbao zimezama sentimita moja, zote sawa. Niliweka kriki pembeni kwenye udongo ule ule na jiwe zito juu yake, ili mjomba aone kwa macho yake. Imelala upande.

Jumanne, 1 Novemba, Watakatifu Wote
Friji imegandisha maji. Mjomba amekubali bila kusukumwa. Kriki inabaki sandukuni pamoja na kipande cha ubao cha 40 kwa 40 cha kuwekwa chini yake, kwa tairi na kwa tope tu.

Nimembandikia karatasi ndani ya mlango: Mjomba, ukifika kijijini tembea kwanza kwa miguu utafute pahali palipo sawa, kabla ya kufikiria mbao. Usiegeshe kwenye mkondo wa maji. Mvua ikinyesha usiku, pima asubuhi kabla ya kuwasha gesi. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililo juu ya kriki mpaka gogo limewekwa chini ya ekseli, hata kama ni kuokota sarafu.